Mtoto Anajikuna Kichwa: Kutafuta Sababu, Kuondoa Chawa na Kuwazuia Wasirudi

Anarudi skuli, anavua ushungi, na kabla hajauweka mkoba chini kidole kishaingia kisogoni. Anajikuna akila, anajikuna akisoma, usiku unamsikia akijikuna usingizini. Hapo wengi wetu hufanya mambo mawili kwa mpigo: tunamkaripia mtoto, kisha tunakimbilia dawa. Naomba yote mawili yasubiri kidogo.

Nimesomesha madarasa ya chini hapa Unguja kwa miaka mingi, na nimelea mabinti wawili wenye nywele nyingi. Kichwa kinachowasha kina sababu zaidi ya moja, na dawa ya sababu hii haiigusi ile. Dawa ya chawa haiponyi mapunye. Shampuu ya mba haiui chawa. Na hata pale ambapo ni chawa kweli na wamekataa kuondoka, mara nyingi dawa haina kosa. Kosa ni kwamba kimetibiwa kichwa kimoja katika nyumba yenye vichwa sita. Kwa hiyo tuanze na unachokiona, ndipo tutafute kinatoka wapi.

Kabla ya yote, tazama

Mkalishe mtoto penye mwanga wa jua. Taa ya ndani haitoshi. Mimi hutumia ngazi za baraza saa mbili za asubuhi: yeye ngazi ya chini, mimi ya juu, kichwa chake baina ya magoti yangu, kama bibi zetu walivyokuwa wakitusuka. Fumua misuko yote. Najua inauma kufumua twende kilioni uliyoisuka juzi tu, lakini chini ya msuko huoni kitu, na chawa chini ya msuko anakaa raha mustarehe.

Chawa hapendi mwanga. Ukipasua nywele kavu kwa vidole, anakimbia kwenda upande wa pili, na utaapa kwamba kichwa ni kisafi. Ziloweshe nywele, kisha zipake kondishena nyingi au mafuta ya nazi mpaka ziteleze. Zikiwa hivyo anapumbaa, hana tena kasi. Zichambue kwanza kwa shanuo la meno mapana hadi zisiwe na fundo, uzigawe mafungu, kisha pitisha kitana cha chawa, kile ambacho meno yake yamebanana. Anzia kwenye ngozi, vuta mpaka nchani. Kila ukivuta, kipanguse kitana kwenye kitambaa cheupe na utazame kilichobaki.

Nywele za kipilipili zinataka subira zaidi ya nywele za singa. Mafungu yawe madogo, upana wa kidole, na mafuta yasipungue. Ukilazimisha kitana kwenye nywele kavu za kipilipili utamliza mtoto na utavunja meno ya kitana, na wiki ijayo atakukimbia ukimwita. Tenga saa nzima. Mpe kitu cha kushika, au mwambie akusomee kitabu.

Anza nyuma ya masikio na kisogoni, pale nywele zinapokutana na shingo. Hapo ndipo wanapopenda. Chawa mzima ana ukubwa wa punje ya ufuta, miguu sita, rangi ya kijivu inayoelekea hudhurungi, na kwenye nywele nyeusi huonekana mweusi zaidi. Akiwa ametoka kunyonya damu utamwona na wekundu tumboni. Watoto wake ni wadogo mno, kama alama ya ncha ya kalamu. Usitarajie kundi kubwa. Kichwa cha mtoto mara nyingi huwa na chawa wasiofika 20, na ndiyo maana kutazama kwa haraka hakusaidii.

Naona vyeupe, lakini sijui ni mayai au mba

Hapa ndipo wazazi wengi, na hata walimu, wanapokosea. Chukua unywele mmoja wenye kitu cheupe, ushike kwa vidole, jaribu kukisukuma kile kitu kwa ukucha. Mba hupeperuka. Mafuta yaliyoganda huteleza na kuacha utando. Yai la chawa halisogei. Limegandishwa kwa gundi upande mmoja wa unywele, kama tone lililoning'inia, na ili ulitoe inabidi ulibane baina ya kucha mbili na kulivuta urefu wote wa unywele mpaka litoke nchani.

Yai lenye uhai lina rangi ya hudhurungi hafifu, kama chai yenye maziwa mengi. Ganda tupu ni jeupe na linang'aa, ndiyo maana lile unaloliona kirahisi ukiwa umesimama mara nyingi halina kitu ndani. Vitabu husema yai hai huwa karibu na ngozi, ndani ya milimita 6 hivi, kwa kuwa linahitaji joto la kichwa. Na kwa kuwa nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, yai lililo mbali na ngozi litakuwa la zamani. Kanuni hiyo inasaidia, lakini katika nchi za joto kama kwetu hulegea, na mayai hai huweza kupatikana mbali zaidi. Kwa hiyo mimi sitegemei kupima umbali. Ushahidi ninaoukubali ni chawa mmoja anayetembea. Ukimwona, tibu. Ukiona mayai tu bila chawa, usitie dawa bado: yatoe kwa kitana, na ukague tena kila baada ya siku tatu au nne kwa wiki mbili.

Anajikuna, nimekagua, sioni kitu

Kuwashwa hakusababishwi na miguu ya chawa kutembea. Ni mwili kuyakataa mate anayotema anaponyonya damu. Mtoto ambaye hajawahi kuwa na chawa huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa hata kidogo. Mwili bado haujayajua mate yale. Mara ya pili huwashwa ndani ya siku moja mbili tu.

Hili lina maana mbili. Ya kwanza: kutojikuna si hakikisho la usafi, hivyo usimruke mdogo wake kwa sababu ametulia. Ya pili: ukitaka kujua walitoka wapi, usimtazame rafiki aliyekaa naye jana. Rudi nyuma mwezi mzima. Kwetu jibu mara nyingi ni sikukuu. Idi inapoingia watoto hulala kwa bibi, mabinti sita juu ya mkeka mmoja, vichwa vimegusana wakihadithiana mpaka usiku wa manane. Wiki tano baadaye mama anamlaumu mwalimu.

Kama umekagua vizuri mara mbili kwa kitana na mafuta, ukapata kitambaa cheupe kitupu, basi tafuta kwengine. Umemsuka lini, na umekaza kiasi gani? Msuko ulioivuta ngozi hadi ikatoa vijipele pembezoni mwa uso utawasha wenyewe. Rasta za bandia huwachoma baadhi ya watoto. Mwasho huanza siku ile ile au ya pili baada ya kusukwa na huisha ukizifumua. Dawa ya kulainisha nywele kwa mtoto mdogo ni sababu nyingine, na sioni haja ya kumtia. Halafu kuna ushungi unaofungwa juu ya nywele mbichi asubuhi na kuvuliwa saa nane mchana: jasho, joto, vijipele. Mwache akauke nywele kabla ya kujifunga, na awe na shungi mbili tatu za kubadilisha. Mba nayo huwasha, na kwa watoto wadogo wa skuli ile ngozi inayopukutika ambayo tunaiita mba pengine ni mapunye yanayoanza.

Kuna mabaka, nywele zimekatika

Hilo si la chawa. Mapunye ni fangasi: baka la mviringo, ngozi yenye unga wa kijivu, nywele zimekatika fupi kana kwamba zimenyolewa vibaya, pengine vidoa vyeusi pale zilipokatikia. Huambukizana kwa vitana, kofia na mashine ya kinyozi. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwa kuwa fangasi wamo ndani ya mzizi wa unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na hiyo huandikwa kituo cha afya. Likiwa limevimba, laini, linatoa usaha, usilitumbue. Mpeleke.

Vidonda, usaha, tezi nyuma ya masikio

Kucha chafu zimeingiza vijidudu. Iwe chini yake kuna chawa au mapunye, vidonda hivi vinatazamwa na mhudumu wa afya kwanza, hasa mtoto akiwa na homa. Usimtie dawa ya chawa kwenye ngozi iliyochubuka. Mkate kucha leo hii.

Chawa wamo kwenye mishono ya nguo

Ukiwakuta kwenye pindo za fulana na shuka, na si kichwani, ni aina nyingine: chawa wa nguo. Huyo ndiye mwenye kubeba maradhi makubwa ya homa, na dawa yake ni kubadilisha nguo na kuzifua kwa maji ya moto. Chawa wa kichwani husumbua, hunyima usingizi, lakini hajulikani kwa kueneza maradhi. Nalisema hili kwa sababu nimeona mama akilia kana kwamba mtoto amepatikana na ugonjwa wa kutisha.

Nimemwona chawa. Sasa nifanye nini?

Una njia mbili, na zote hufanya kazi ukizifuata mpaka mwisho.

Ya kwanza ni kitana peke yake. Nywele mbichi, kondishena nyingi, kichwa chote mara mbili, kisha rudia. Ukianza Jumamosi, rudia Jumatano, halafu Jumapili, halafu Alhamisi. Mpangilio huo una sababu yake: yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10, na mtoto wa chawa huhitaji siku 9 hadi 12 kukomaa hata aweze kutaga. Ukipita kila baada ya siku nne unawanasa walioanguliwa kabla hawajawa mama. Ni kazi, lakini haina sumu, na ndiyo ninayoipenda kwa watoto wadogo. Pia ni njia ya kale sana: huko Lakishi, katika Israeli ya leo, kulipatikana kitana cha pembe ya ndovu cha zaidi ya miaka 3,500, kimechorwa maandishi yanayokiomba kiwang'oe chawa wa nywele na ndevu. Maandishi hayo yalitangazwa mwaka 2022. Tatizo la mama wa leo lilikuwa la mama yule pia.

Ya pili ni dawa. Inayotumika zaidi ni permethrini ya asilimia 1. Muulize mfamasia, na soma hiyo asilimia kwenye boksi, kwa sababu ile ya asilimia 5 ni ya upele wa mwilini. Osha nywele kwa shampuu isiyo na kondishena, zikaushe kwa taulo zibaki na unyevu tu. Paka dawa kuanzia kwenye ngozi hadi nchani, mtoto akiwa amefunika macho kwa taulo. Hesabu dakika 10 kwa saa, usikisie. Msuuze akiwa ameinama juu ya beseni ili dawa isimtiririke mwilini. Usizioshe tena kwa shampuu siku moja mbili zinazofuata. Kisha chana kwa kitana. Halafu, na hili ndilo linalosahauliwa, rudia dawa siku ya 9. Dawa hii haiui mayai yote. Dozi ya pili ni ya wale ambao siku ya kwanza walikuwa bado ndani ya ganda. Mtoto chini ya miezi miwili asitiwe, na mama mwenye mimba au anayenyonyesha aulize kwanza.

Sasa yale ya kuachwa. Mafuta ya taa. Bado yanatumika, najua, na najua ni kwa sababu yapo nyumbani na yana bei nafuu. Yanaunguza ngozi ya mtoto. Mvuke wake, au tone likienda njia ya hewa, huharibu mapafu. Na mtoto mwenye mafuta ya taa kichwani anakaa jikoni penye jiko la mkaa. Hakuna chawa anayestahili hatari hiyo. Dawa ya mbu ya kupuliza, dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya kunyunyizia mboga: sumu hizi hupenya ngozi, na ngozi iliyokunwa hupenyeza zaidi. Losheni ya upele iliyobaki kabatini isimiminwe kichwani bila kuuliza. Mafuta makali ya karafuu yasiyochanganywa huchoma ngozi na macho. Mafuta ya nazi hayana ubaya na hurahisisha kuchana, lakini usiyategemee kuua mayai, hayafanyi hivyo.

Nimetia dawa, na bado wanatembea

Kagua baada ya saa 8 hadi 12. Ukiwakuta wanajikokota, dawa inafanya kazi. Watoe kwa kitana na usiongeze kitu. Ukiwakuta wachangamfu kama jana, jiulize haya kwa mpangilio huu. Je, nywele zilikuwa na mafuta au kondishena? Hilo huizuia dawa kufika. Wenye kukagua kwa mafuta ya nazi asubuhi na kutia dawa jioni bila kuosha vizuri huangukia hapa. Je, zilikuwa zimelowa chepechepe? Dawa imezimuliwa na maji. Je, chupa ilitosha? Nywele ndefu na nzito pengine zinataka chupa mbili, na mtu hubana dawa ili itoshe wawili. Je, zilikuwa kwenye misuko? Basi hazikuguswa.

Ukiwa na hakika ulifanya yote sawasawa, usirudie dawa ile ile kesho, wala usiiongezee muda kichwani. Kuna chawa waliozoea permethrini, katika nchi nyingi. Badilisha njia: rudi kwenye kitana kwa wiki mbili kamili, au tafuta losheni ya dimetikoni, ambayo humzingira chawa badala ya kumtilia sumu, hivyo kuzoea kwake si rahisi. Daktari pia anaweza kukuandikia ivermektini.

Walikwisha kabisa. Mwezi umepita, wamerudi

Hili lilinipata mimi, na nalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linalowachosha wazazi mpaka wakakata tamaa na kumnyoa mtoto kwa hasira.

Binti yangu mkubwa alikuwa darasa la tatu. Nikamkagua, nikawaona, nikatia dawa, nikarudia siku ya 9 kama inavyotakiwa. Kitambaa kikabaki cheupe. Wiki tatu baadaye nikasikia tena kucha usiku. Nikatia tena, wakaisha, wakarudi. Nililaumu dawa. Nililaumu skuli. Mpaka siku moja alasiri nikamkuta amelala kifuani kwa shangazi yake, mdogo wa baba yao, tuliyekuwa tunaishi naye, nywele zake zimemfunika mtoto usoni. Nikamwomba na yeye akae ngazini. Aliona haya, lakini alikubali. Kitana cha kwanza tu kilitoka na watatu.

Shangazi hakuwa na kosa. Hakuwahi kuwashwa. Mimi ndiye niliyetazama kichwa cha mwenye kujikuna nikaviacha vilivyotulia. Wazee waliosema kidole kimoja hakivunji chawa walikuwa wakizungumza juu ya kitu walichokifanya kila siku barazani: unamweka juu ya ukucha wa dole gumba, unamfinya kwa ukucha wa pili, unasikia mlio mdogo. Na nyumbani ni hivyo hivyo. Mama peke yake hawezi.

Kwa hiyo siku unayomkuta chawa kwa mmoja, wakague wote siku hiyo hiyo: ndugu, shangazi, bibi, dada anayesaidia kazi za nyumbani, baba mwenye nywele, na wewe mwenyewe. Ajitolee mtu mwingine akutazame kisogo, huwezi kujitazama. Mwenye chawa hai anatibiwa siku hiyo, na anayelala naye kitanda kimoja pia. Wengine wasitiwe dawa ya kujikinga, kwa kuwa dawa hizi hazikingi. Wakaguliwe tena tu.

Kisha kuna vichwa vya nje ya nyumba. Kumwambia mama mwengine ni kazi ngumu, ngumu zaidi siku hizi ambapo neno chawa lenyewe limegeuka tusi la mtaani. Mimi naanza na mwanangu. Huandika hivi: "Assalamu alaykum dada. Leo nimemkuta binti yangu na chawa, nimeshamtibu. Kwa kuwa wanacheza pamoja, nakuomba umtazame na wako, nyuma ya masikio. Kitana kipo kwangu, kimechemshwa, ukikihitaji nikuletee." Sijawahi kujibiwa vibaya. Aliyeambiwa kwamba "mwanao ndiye aliyeleta" hujitetea. Aliyeombwa asaidie husaidia.

Nyumba nzima nifue?

Hapana. Chawa akitoka kichwani hafiki mbali. Hawezi kuruka wala kurukaruka, na bila damu hufa ndani ya siku moja au mbili. Foronya, shuka, shungi na taulo zilizotumika siku mbili za mwisho, zifue kwa maji ya moto na zianike juani, au zipige pasi. Vitana na shanuo viloweke dakika 10 kwenye maji ya moto yasiyovumilika kwa mkono. Kitu kisichofulika, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki wiki mbili. Magodoro hayahitaji kupuliziwa dawa, na mvuke wa dawa ile utawadhuru watoto zaidi. Nguvu ulizonazo zimalizie kwenye kitana.

Kuwazuia

Chawa huhama kichwa kikigusa kichwa. Njia nyingine zote ni ndogo ukizilinganisha na hiyo. Uchafu si sababu. Nimewakuta kwenye nywele zilizooshwa juzi na kunukia asumini. Kwa hiyo kinga kubwa ni nywele zilizofungwa. Binti mwenye mabutu au mistari iliyobana anapoinama na wenzake juu ya daftari moja, nywele zake hazimwagikii za mwenzake.

Shungi zina habari yake. Adhuhuri ikiingia mabinti huvua ili watie udhu, na shungi kumi hutundikwa juu ya msumari mmoja, moja juu ya nyingine. Wakitoka kila mmoja huvuta ya karibu. Si njia kuu ya kuambukizana, lakini ni rahisi kuirekebisha. Mwekee mfuko mdogo wa kitambaa mkobani, ushungi uingie humo, na utie alama ya uzi wa rangi kwenye pindo ili aujue wake. Chuoni, wanakosoma Kurani, vivyo hivyo, pamoja na kofia za wavulana. Mtoto wetu anakaa safu mbili kwa siku, skuli asubuhi na chuo mchana. Ukizungumza na mwalimu mmoja umefanya nusu ya kazi.

Kunyoa kunaondoa chawa, ni kweli, maana yai halina pa kushika, na skuli nyingi za Bara ambako watoto hukata nywele fupi zina tabu ndogo zaidi. Kama familia imeamua hivyo, ni sawa. Lakini asinyolewe kwa hasira wala kama adhabu. Mtoto wa miaka minane anayekalishwa na kunyolewa huku anasemwa atakuja kukuficha jambo kubwa zaidi ya chawa.

Kwa walimu wenzangu: usimkague mtoto mbele ya darasa, na usimrudishe nyumbani katikati ya masomo. Ukimgundua saa nne asubuhi, huenda amekuwa nao mwezi mzima. Saa tatu zaidi hazibadilishi kitu. Amalize siku, mwambie mzazi kwa faragha, atibiwe usiku huo, kesho arudi. Kisha watumie wazazi wote wa darasa ujumbe usiotaja jina: kila mmoja akague wake Jumamosi hii. Darasa zima likikaguliwa wikiendi moja, utaona tofauti ambayo dawa ya mtu mmoja mmoja haijawahi kuileta.

Na nyumbani, weka siku ya kitana. Kwetu ni Jumamosi ya kuosha nywele, dakika kumi tu kabla ya kusuka, na mara mbili kwa wiki katika mwezi unaofuata sikukuu. Ukiwakuta mapema watakuwa wawili watatu, na kitana pekee kitawamaliza. Kwa mtoto uliyekuwa unamtibu kwa kitana, kagua mara ya mwisho Jumatatu inayofuata ile Alhamisi ya kuchana mara ya nne. Uliyemtia dawa, endelea kumkagua kila siku chache kwa wiki mbili baada ya dozi ya pili. Mkalishe juani, paka mafuta, pitisha kitana kichwa kizima. Kitambaa kikibaki cheupe, msuke.